Chini ya Bangili

Kazi yangu ni kutazama mikono ya wanawake wenzangu. Kila asubuhi, kabla donge hata moja la unga halijatoka kwenye beseni, nasimama mlangoni mwa kituo chetu cha papadi, zile chapati nyembamba kavu za unga wa choroko, hapa Uttarsanda, na kila anayetaka donge ananinyooshea mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Natazama kucha, natazama katikati ya vidole, nasogeza bangili juu, natazama na chini yake. Aliye safi anapita, anachukua unga wake akausukume nyumbani. Mwenye kidonda, upele au choa anarudi mikono mitupu. Wapo wanaonichukia kwa hilo, na mimi sina habari nao. Papadi zetu zinaliwa na watu.

Jina langu Champa. Vimla, mkuu wa kituo, alinipa kazi hii kwa sababu mdomo wangu hauna breki, na pia, aliniambia bila kuzunguka, kwa sababu mimi ni mjane, sina mtu nyumbani wa kunituma nimpendelee fulani. Mume wangu alipokufa wajane wa mtaa walinikalisha uani, kama desturi yetu, wakagonga jiwe kwenye vifundo vya mikono yangu mpaka bangili zote zikapasuka, na tangu siku hiyo sijavaa nyingine. Ngozi yangu pale ni safi. Maji yakinimwagikia yanakauka, hakuna cha kuyazuia.

Basi msimu ule wa mvua, nguo hazikauki, kuta zinatoa jasho, papadi tunazianika ndani chini ya feni, akanijia Hetal. Huyu ni mke wa Kirit, dereva wa lori la chumvi, na nyumba yao na yangu zinagawana ukuta. Binti mpole, mwenye mkono mwepesi kweli. Papadi yake ukiiinua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Siku hiyo alininyooshea mikono huku anaangalia pembeni. Nikajua tu. Nikasogeza bangili zake za kioo, za kijani, na pale kwenye kifundo nikakuta duara jekundu, kingo zimeinuka na kutoa magamba, katikati pamepauka. Choa. Mkono wa pili nao ulikuwa umeanza.

Nikamwambia arudi nyumbani. Hakubisha. Sheria anaijua: mwenye choa hapewi donge mpaka ngozi isafike, na sikukuu ya Diwali ikimkuta bado mchafu, nafasi yake anapewa mwingine. Wanaosubiri nafasi ni wengi, kila nikienda sokoni kuna anayeniuliza kama kuna mtu amekufa.

Lazima uelewe donge lile lilikuwa nini kwake. Mshahara wa Kirit unapokelewa na mama yake, Santok. Hetal akitaka sabuni anaomba. Binti yake Urvi akitaka penseli, Hetal anaomba, na anaulizwa ile ya juzi imekwenda wapi. Pesa ya papadi peke yake ndiyo inayoingia mkononi mwake yeye. Na ile njia ya asubuhi, kutoka mlangoni kwao mpaka kituoni, ndiyo njia pekee anayoipita bila mtu kumuuliza unaenda wapi. Aliwahi kuniambia kwamba akipoteza donge atakuwa amebaki na jikoni na uani, basi. Alisema hivyo akicheka, lakini mimi sikucheka.

Sasa, hapa kwetu choa hakikosi mganga. Kila jirani alikuwa na lake. Mmoja akaleta majani ya mwarobaini, mwingine akamsagia kitunguu saumu kikamuunguza akatokwa na malengelenge. Santok yeye alikuwa na tyubu. Kuna bwana mmoja anaitwa Bipin, ana duka la dawa karibu na kivuko cha reli. Ukimwonyesha muwasho, hata macho hayatoi kwenye kriketi yake. Mkono unakwenda wenyewe kwenye rafu unakutolea tyubu ya mchanganyiko. Humo mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, vyote vimekorogwa pamoja. Watu wanaipenda kufa. Unapaka leo, kesho muwasho umekatika, wekundu unafifia. Nyumbani kwa Santok tyubu hiyo inakaa kwenye kishubaka karibu na picha ya mungu wao, na kila mtu anaminya: aliyeumwa na mbu, mwenye harara, mwenye chunusi, hata aliyepasuka midomo.

Nikamshika Hetal mkono nikampeleka hospitali mjini. Santok aliruhusu kwa sababu nilimwambia ni kituo kinachotaka. Uongo, lakini sijutii hata kidogo.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, na nilishangaa kwamba hakuwa na haraka. Alikwangua magamba kidogo akayaweka kwenye kioo, akaenda kuyatazama, akarudi akasema ni fangasi, wala hana shaka. Hetal akauliza swali ambalo nadhani yule daktari huulizwa kutwa: dawa gani inaponya upesi. Daktari akafungua droo, akatupangia tyubu mezani kama muuza vitambaa. Hii ya kwanza, alisema, ni ya zamani na ya bei nafuu. Yenyewe inazuia fangasi wasikue, kwa hiyo inataka subira, unapaka asubuhi na jioni na usiache. Hii ya pili inawaua kabisa, na miaka ya nyuma ilikuwa inamaliza kazi mapema kuliko ile, lakini siku hizi huku kwetu fangasi wameizoea, wagonjwa wanairudisha tyubu tupu na choa kiko palepale. Hii ya tatu ni mpya, unapaka mara moja tu kwa siku, ila bei yake imechangamka. Akasema kwa choa kidogo kama kile angeanza na ya kwanza, kwa sababu kati ya zote hizo tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Tofauti kubwa ni kama unapaka pakavu au pabichi, na kama unaendelea kupaka hata baada ya ngozi kuonekana imepona, maana fangasi wanabaki chini wamejificha.

Kisha nikamtolea ile tyubu ya Bipin. Akaishika kwa ncha za vidole. Akasema steroidi ndiyo inayozima wekundu na muwasho, kwa sababu inailaza ngozi usingizi, na ngozi ikilala fangasi wanakula wanavyotaka. Choa kinapoteza sura yake, huwezi hata kukijua, kisha kinarudi kimesambaa na ngozi imekuwa nyembamba. Akaitupa kwenye pipa. Hetal aliitazama ikiingia pipani nikaona anahesabu moyoni jinsi atakavyomweleza mama mkwe.

Mwisho daktari akagusa zile bangili. Hizi zitoke, alisema. Maji na jasho vinakaa chini yake, unga unakaa, na kioo chenyewe kinabeba ugonjwa kutoka mkono huu kwenda huu. Zikikaa hapo, dawa yoyote ni kazi bure.

Hapo Hetal akavuta mikono yake akaificha kwenye sari. Daktari akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia sakafu. Alikuwa mtu wa hukuhuku, alijua alichokisema. Mwanamke mwenye mume hakai mikono mitupu. Na huyu mume wake yuko barabarani kila siku, kwenye makona ya milimani ambako lori linapita na magurudumu yamekanyaga hewa. Kila dereva anayeondoka, mke wake anabaki anahesabu bangili zake kana kwamba ndizo breki.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa Santok mwenyewe. Nilimkuta anachambua choroko. Nikamweleza taratibu, nikameza ulimi wangu wote ninaojulikana nao. Nikamwambia si lazima mikono ibaki mitupu kabisa. Afungwe uzi mwekundu juu ya kiwiko, au avae shanga nyeusi tu za ndoa shingoni mpaka apone, mungu si mjinga ataelewa. Santok hakunyanyua sauti. Aliendelea kutupa vijiwe vya choroko pembeni, kimoja kimoja.

"Champa," akasema, "wewe mikono mitupu umeizoea. Usije ukamzoesha mkwe wangu."

Mimi ndiye mtu wa mtaa mzima ninayejibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo niliinuka nikavaa ndara zangu. Angekuja mwanamke mwingine yeyote kusema maneno yaleyale, mwenye mume wake na bangili zake zikilia, labda Santok angesikiliza. Lakini wote hao walikuwa wanavaa, na hakuna aliyethubutu. Nikaondoka.

Hetal akamwomba Kirit kwa simu, spika imewashwa. Kirit ni kijana wa masihara, akacheka, akasema avue tu, yeye lori lake linatumia mafuta siyo bangili. Santok akainyakua simu akaanza kulia, akamuuliza kama anataka kumuua mama yake kwa wasiwasi. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia kila kitu. Kirit akasema basi, afanye mama anavyosema. Simu ikakatwa, na hapo kesi ikawa imeisha.

Ikabaki kupaka dawa ya hospitali chini ya bangili. Na Hetal alijitahidi, usimdharau. Alikuwa anazisukuma bangili juu kuelekea kwenye kiwiko, anaosha kifundo, anakausha kwa kitambaa safi, anapaka, anangoja dawa inywewe na ngozi. Lakini ana vyombo, ana kufua, ana kinyesi cha ng'ombe cha kuzoa. Bangili zinashuka, zimeloa, zinakaa palepale juu ya dawa. Na lile la kuzisukuma juu ndilo lililomponza: kila zilikopanda zilipanda na choa. Baada ya muda nikakuta duara jingine katikati ya mkono, na jingine karibu na kiwiko. Alikuwa anajitibu kwa mkono mmoja na kujipandia ugonjwa kwa mkono huohuo. Nilipomwambia, alikaa chini palepale kwenye ngazi ya kituo.

Halafu asubuhi moja akaja amenyoosha mikono na uso umechangamka. Nikasogeza bangili. Duara hakuna. Magamba hakuna. Ngozi laini, nyeupe kuliko sehemu nyingine ya mkono, inang'aa, na mishipa midogo ya damu inaonekana kwa ndani kama kwenye kope za mtoto mchanga. Nilielewa pale pale. Wanawake nyuma yake walikuwa wanasukumana wanataka kupita. Sheria ya kituo inasema choa, upele, kidonda, magamba. Haisemi chochote kuhusu ngozi iliyong'aa. Nilimwita Vimla aje atazame. Akatazama, akasema mbona amepona, mpe.

"Umepaka ya Bipin," nilimwambia chinichini wakati namwekea donge kwenye bakuli lake.

"Dada, nilitaka donge," akajibu. "Usinigombeze leo."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Siku zile zilikuwa nzuri kwake. Nilikuwa nikimsikia upande wa pili wa ukuta, kifimbo cha kusukumia kinagonga kibao, harufu ya mvuje na pilipili manga inapenya mpaka kwangu, Urvi anaimba hesabu za shule. Alimnunulia yule mtoto viatu vya mvua vya manjano, bila kumwomba mtu. Nilikuwa nikimwona Urvi akitafuta madimbwi kwa makusudi ili avikanyage. Na mimi kila nikiviona najiuliza itachukua muda gani.

Haikuchukua muda. Siku aliyoacha kupaka ili apumzishe ngozi, muwasho ukaja kama moto. Akapaka tena, ukatulia, akaacha, ukarudi mkubwa zaidi. Choa kikatoka pande zote, safari hii duara ndani ya duara, mikono yote miwili, kikapanda shingoni, kikashuka kiunoni pale kamba ya sketi ya ndani inapofungwa. Na Urvi, ambaye hulala kichwa kikiwa juu ya mkono wa mama yake, akatokeza duara shavuni. Santok akachukua tyubu kishubakani ampake na mtoto. Hetal akamshika mkono mama mkwe wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe, akasema huyu hapana. Nilimsikia mwenyewe.

Kituoni nikamrudisha tena. Ikabidi. Diwali ilikuwa inasogea, mitaa imeanza kupakwa chokaa, na Vimla alikuwa ameshaniuliza jina la anayefuata kwenye wanaosubiri.

Hetal akaja kwangu mchana, akajifungia mlango mgongoni. Akapaka sabuni mikononi, akaanza kuzivua bangili. Moja moja. Nilitaka kumwambia asizivulie ndani ya nyumba ya mjane, watu wataita nuksi, aende popote, aende hata chooni kituoni, lakini angekwenda wapi mwanamke huyu? Alizilundika kwenye sinia yangu. Akaniuliza kama nitazitunza.

Basi tukatengeneza mpango. Nilimwomba Santok amwachie Hetal aje kwangu kila siku anisaidie kuchambua choroko za kituo, nami nitampa Santok sehemu ya choroko. Alikubali haraka, alikuwa anaona aibu wageni wa sikukuu waione ile shingo. Hetal akifika anavua bangili, mimi nazitia kwenye sufuria nazichemsha, nazikausha juani au juu ya jiko. Mikono yake inakaa wazi kutwa, mikavu, ina dawa ya hospitali peke yake. Jioni anavaa bangili kavu anarudi kwao. Tulimrudia daktari, akaona ilivyosambaa, akavuta pumzi, akaongeza vidonge vya kumeza na akampa mtoto dawa yake. Hakutulaumu. Alisema kila siku anaona watu wa namna hii, na nusu yao wamekuja na tyubu ileile mfukoni.

Pole pole, jamani, pole pole mno. Muwasho ulikuwa mkali zaidi mwanzoni, kwa sababu ile steroidi ilikuwa haipo tena ya kuuzima. Hetal alikuwa anakalia mikono yake ili asijikune. Kuna siku alilia akaomba niende kwa Bipin nimnunulie, kidogo tu, ya siku moja. Nilimwambia nitampiga. Kisha shavu la Urvi likasafika. Kisha shingo. Kisha vifundo vya mikono, vya mwisho kabisa, vikabaki na kivuli cha kahawia tu, na ngozi ikaanza kurudi kuwa ngozi. Nilimpitishia kidole pale kwa nguvu, hakuna gamba hata moja. Nikamwambia aendelee kupaka hivyohivyo mpaka Diwali, na mimi mwenyewe nitampa donge la kwanza. Tulicheka siku hiyo. Nilimpikia chai ya tangawizi, tukakaa kwenye mkeka mikono yetu sote wawili mitupu, kama dada na dada.

Tulikuwa tumekaa hivyohivyo, na sufuria iko jikoni inachemka, mlango uliposukumwa akaingia Santok. Sari imemvuka kichwani, miguu haina ndara. Lori la Kirit lilikuwa limepinduka kwenye kona huko kaskazini. Alikuwa amekuja kumwita mkwe wake.

Kirit hakufa, nisikuweke roho juu. Alivunjika mguu na mbavu, akalazwa huko mbali. Lakini Santok wakati ule alikuwa bado hajajua kama ni mzima au maiti. Alisimama mlangoni akatazama mikono ya Hetal. Akatazama yangu. Akaifuata ile sauti ya kioo kinachogongana kwenye maji, akainama akachungulia sufuria.

"Umezipika bangili za mwanangu," akasema.

Hakumwambia Hetal. Aliniambia mimi. Na nilijua yote ya kusema, niliyajua mpaka leo nayajua: kwamba barabara ile inapindua malori kila wiki, ya wenye bangili na ya wasio nazo, kwamba mimi mwenyewe nilivaa bangili tele siku mume wangu alipokufa, na hazikumzuia. Nikafungua mdomo. Yule mama, mtoto wake ni huyo mmoja tu duniani. Nikaufunga, nikampisha kwenye mkeka.

Nilitegemea Hetal aseme. Lakini Hetal alikuwa ameingiza mkono kwenye maji ya moto, anaziopoa bangili kwa vidole vitupu, anazivaa huku zinamuunguza.

Siku ya pili yake Santok alimpeleka kwa muuza bangili. Aliweka nadhiri: nyekundu na kijani, kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko, mikono yote miwili, zisitoke mpaka Kirit arudi nyumbani kwa miguu yake. Alichagua saizi ndogo. Muuza bangili aliviminya viganja vya Hetal kwa sabuni mpaka mifupa ikalia, akazipitisha. Zikikaa, hazisogei mbele wala nyuma. Nilimwuliza Hetal ukutani, kwenye ule upenyo wetu wa kupitishiana moto, kwa nini amekubali. Akaniuliza, na kama akifa? Nikamwambia bangili hazihusiki. Akasema anajua, nimeshamwambia. Kisha akauliza tena, na kama akifa?

Asubuhi ya ukaguzi kabla ya Diwali, Vimla alisimama pamoja nami mlangoni, kama kawaida ya mwaka. Hetal alikuja zamu yake ilipofika, akanyoosha mikono. Viganja safi. Vidole safi. Shingo safi kabisa. Nikashika bangili nisogeze. Hazikusogea. Nikajaribu mkono wa pili. Nikaminya, nikazungusha, zililia tu. Nikamgeukia Vimla nikamwambia mimi nimeiona ngozi hii siku chache zilizopita, imepona, naapa kwa lolote atakalo. Vimla si mtu mbaya. Akasema Champa, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kisichoonekana hakipiti. Na ni kweli nilisema hivyo, nimesema mara nyingi, kwa wengi, kwa sauti.

"Zipasuliwe mbili tu, hapo kifundoni," Vimla akasema. "Tutazame, basi."

Lipo jiwe pale mlangoni, la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Wanawake wote kwenye mstari walilitazama, kisha wakanitazama mimi. Kila mmoja wao anajua ni wakati gani mwanamke hupasuliwa bangili kwa jiwe, na anajua hupasuliwa na mikono ya akina nani. Hetal naye alinitazama. Hakuvuta mikono. Alikuwa ameiacha palepale mbele yangu, ananisubiri mimi niamue.

Mimi siamini. Nilimwambia Hetal siamini, na ninasema hapa. Lakini niliiona ile siku yangu uani, na mguu wa Kirit umetundikwa kwenye kitanda cha hospitali, na sikuweza kuinama kulishika lile jiwe. Hakuna mwingine aliyeinama.

Hetal akarudisha mikono kwenye sari. Vimla akaita jina la aliyefuata kwenye wanaosubiri, mwanamke kutoka upande wa stesheni, akaja mbio, akaninyooshea mikono yake, na ilikuwa safi, nikampa donge la Hetal.

Hetal alipokuwa anashuka ngazi nilimfuata. Yeye ndiye aliyeanza. Alisimama, akaweka kidole juu ya zile bangili, pale kifundoni, akagonga kioo taratibu.

"Dada," akasema, "pameanza kuwasha."

Nikamwambia asijikune. Akasema hawezi hata akitaka, kidole hakipiti.